Kutamani Motokaa: Ni Kosa au Si Kosa?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twapenda leo kusema na ndugu zetu wasomaji juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lisilostahiki kuandikwa katika ukurasa huu. Nalo ni khabari ya motokaa, na khasa zile motokaa ambazo watu huziota wala hawazipati.

Sababu ya kuliandika ni hii. Usiku mmoja baina ya Magharibi na Isha, kabla ya darasa kuanza, tuliwakuta vijana wetu wanne watano wameiinamia simu ya mwenzao wakitazama picha ya motokaa. Walipotuona waliizima upesi, kama watu waliofumaniwa katika uovu. Tukawaambia waifungue, tukatazama pamoja nao. Ndipo mmoja wao, kijana mpole afanyaye kazi ya umakanika hapa mjini, akatuuliza: "Maalim, mimi najua kwamba motokaa hii sitaipata maishani mwangu. Lakini naipenda. Je, kuitamani kwangu ni kosa?"

Swali hili lina majibu mawili mepesi, na yote mawili hayafai. La kwanza ni kumkemea mwulizaji, kumwambia kwamba hayo ni mapambo ya dunia, na kwamba mtu mwenye akili hashughuliki na bati na mipira. Mwenye kujibu hivi mara nyingi ameshuka sasa hivi katika gari la mwenziwe lililomleta msikitini. La pili ni kumwambia kwamba motokaa ni halali, na kitu cha halali mtu hutamani apendavyo. Mwenye kujibu hivi amesahau kwamba chakula nacho ni halali, na watu wangapi wamekufa kwa kula. Basi tulimwambia kijana yule atupe muhula wa kufikiri, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, kupenda kipando kizuri si jambo jipya wala si jambo la aibu. Katika Sura ya Nahl Mwenyezi Mungu ametutajia farasi, nyumbu na punda, kwamba ametuumbia tuwapande, na tena kwamba ni pambo; na baada yake akataja kwamba yeye huumba na vitu tusivyovijua. Kabla ya hapo, katika kutaja wanyama wa kufugwa, ametaja uzuri tunaouona kwao wanaporudi jioni na wanapotoka asubuhi. Tazama, ndugu msomaji: hakutaja manufaa peke yake. Ametaja na uzuri, akauhisabu katika neema. Basi jicho linalotulia juu ya umbo la kipando likafurahi, halikufanya kosa. Limefanya kazi liliyoumbiwa.

Na uzuri wa motokaa haumo katika rangi yake tu. Umo katika akili na mikono iliyoifanya. Tutatoa mfano mmoja. Katika mwaka 1992 Waingereza walianza kuunda motokaa iitwayo McLaren F1, ambayo mchoraji wake mkuu alikuwa Gordon Murray. Hata mwaka 1998 walipokoma, zilikuwa zimeundwa 106 tu. Dereva wake huketi katikati, na abiria wawili nyuma yake kidogo, mmoja kuume na mmoja kushoto. Na ndani, mahali inapokaa injini, wamebandika karatasi nyembamba ya dhahabu. Mtu akisikia hivyo atasema: huu ndio ubadhirifu wenyewe! Lakini dhahabu ile haikuwekwa ili ionekane. Imewekwa kwa kuwa dhahabu hurudisha joto, na injini ile ina joto kubwa. Aliyetaka kujionyesha angaliitia dhahabu nje, kwenye mlango. Hawa waliitia ndani, chini ya kifuniko, kwa sababu kazi ilitaka hivyo. Ufundi wa namna hii, wa kuitimiza kazi hata pale pasipoonwa na mtu, dini yetu imeusifu, na laiti mafundi wetu wa nyumba na wa madau wangaliushika. Basi kijana makanika akiipenda motokaa kwa ajili hiyo, apenda kitu kinachopendeka.

Lakini jambo haliishii hapo, kwani neno "kutamani" limekusanya mambo zaidi ya moja, na ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mtu asemapo "naitamani motokaa ile," huenda akawa na maana kwamba apenda kuijua na kuitazama. Huenda akawa na maana kwamba apenda kuiendesha. Huenda akawa na maana kwamba apenda iwe mali yake. Na huenda akawa na maana kwamba apenda watu wamwone nayo. Haya ni matamanio manne, na hukumu zake si moja.

Ili jambo hili lifahamike, tutaeleza kisa cha motokaa iliyouzwa kwa bei ambayo mpaka siku ile haikupata kulipwa kwa motokaa yoyote katika mnada. Mwaka 1955 kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani iliunda motokaa mbili tu za namna moja, zikaitwa kwa jina la mhandisi wao mkubwa, Rudolf Uhlenhaut. Zilikusudiwa mashindano. Lakini katika mwezi wa Juni mwaka ule ule, kwenye mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, motokaa nyingine ya kampuni hiyo iligongana na mwenziwe ikaruka hata ikawaangukia watazamaji, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ulipokwisha mwaka kampuni ilikuwa imejitoa katika mashindano, na zile motokaa mbili hazikushindana hata mara moja. Mhandisi Uhlenhaut akawa aitumia moja katika safari zake za kazi, akipita nayo katika barabara za watu wote.

Miaka ikapita. Tarehe 5 Mei 2022, moja katika mbili hizo iliuzwa mnadani mjini Stuttgart kwa euro milioni 135, ambazo kwa kima cha wakati ule ni zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 16. Kampuni ilitangaza kwamba fedha hizo zitawekwa katika mfuko wa kuwasaidia vijana katika masomo, na hilo ni jambo jema. Lakini sisi twauliza swali jingine. Katika watu wawili hawa, mhandisi na mnunuzi, ni nani aliyekuwa na motokaa ile? Uhlenhaut aliifikiri kabla haijakuwako, akaiona ikiundwa, akaijua sauti yake, akaiendesha akienda kazini. Wala haikuwa yake. Ilikuwa mali ya mwajiri wake. Mnunuzi ana hati ya kuwa ni yake. Lakini motokaa ya bilioni 16 haipelekwi sokoni kununulia samaki, wala haiachwi nje ya msikiti wakati wa sala. Hulindwa kama maiti ya mfalme.

Basi kumiliki ni kitu kimoja, na kuendesha ni kitu kingine, na kujua ni kitu cha tatu. Na ajabu ni kwamba kile chenye ladha kubwa kabisa, ambacho ni kujua, ndicho kisichouzwa mnadani. Kijana wetu makanika, akisoma na kufahamu jinsi injini ile inavyovuta pumzi na kutoa nguvu, amepata fungu la motokaa ile ambalo huenda mwenye hati hakulipata. Fungu hilo hapana awezaye kumnyang'anya, wala hatahisabiwa kwalo.

Imebakia tamaa ya nne, nayo ndiyo mama wa balaa: kutamani kuonwa. Ili kuipima tamaa hii tulimwuliza kijana yule swali moja katika darasa la pili. Tulimwambia: "Mwanangu, lau ungepewa motokaa ile ukaambiwa ni yako, ila kwa sharti moja, kwamba maisha yako yote asikuone nayo mtu hata mmoja, si jirani, si rafiki, si mchumba, wala usitoe khabari yake. Je, ungeitaka?" Wenziwe walicheka. Yeye hakucheka. Alifikiri, kisha akasema: "Maalim, ningeiendesha usiku, peke yangu. Ningeisikiliza tu."

Jibu hili lilitunyamazisha, ndugu zetu, kwa sababu sisi katika umri kama wake, na chini yake, tusingaliweza kulitoa. Na kwa kuwa si haki kuwahukumu watu huku twajificha, tutasema yaliyo yetu.

Tulipokuwa watoto tulisoma chuo Kibokoni. Mwenzetu mmoja alikuwa mtoto wa tajiri, na kila jioni motokaa ya baba yake, Mercedes nyeupe, ilikuja kumchukua. Vichochoro vya mtaa ule havipitiki kwa gari, kwa hiyo ilisimama mbali barabarani, na mtoto akaiendea kwa miguu. Nasi tulimsindikiza makundi makundi ili tupate kuigusa. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa cherehani, akija kutuchukua kwa baiskeli nyeusi ya kizamani. Baiskeli ile ilipita katika vichochoro vyote ikafika mpaka mlangoni mwa chuo, mahali ambapo Mercedes haikuweza kufika. Na sisi siku moja tukamwambia baba yetu asije mlangoni tena, angojee pale kwenye kona. Hatukumpa sababu. Naye hakuuliza. Tangu siku ile mpaka tulipokhitimu aliingojea kona ile, mguu mmoja chini na mmoja juu ya baiskeli, katika jua na katika mvua.

Motokaa ile hatukuipata, wala hatukukaa ndani yake hata siku moja. Lakini yenyewe ilitupata sisi. Ilichukua kitu chetu, nacho ni uso wa baba mlangoni, na kitu hicho hakirudi. Ndiyo maana tukisikia mtu asema kwamba kutamani hakudhuru maadamu hakuiba wala hakudhulumu, twajua kwamba hasemi kweli yote. Tamaa ya kuonwa hudhuru hata kabla mtu hajapata kitu, kwa kuwa humfanya akione kidogo alicho nacho, kisha awaone wadogo walio nacho. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, alifahamisha kwamba huko siko kutakabari, kwani Mwenyezi Mungu apenda uzuri, kutakabari ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mpaka u pale: pambo lako ni halali mpaka litakapokufundisha kumdharau mtu. Na sisi tulimdharau baba yetu kwa ajili ya motokaa ya mtu mwingine.

Msomaji ayakumbuke pia yaliyo katika kisa cha Qaruni, katika Sura ya Qasas. Alipotoka mbele ya watu wake katika mapambo yake, walikuwako walioyatamani yale aliyopewa, wakamwona ni mwenye bahati kubwa. Ardhi ilipommeza na nyumba yake, wale wale waliotamani jana kuwa mahali pake waliamka wakimshukuru Mungu kwa kuwa hawakuwa yeye. Hao hawakuwa na mali ya Qaruni. Walikuwa na macho tu. Na Qur'ani haikuacha kuwataja.

Labda mtu atasema: "Haya yawahusu wenye tamaa ya kuonwa. Ama kijana wenu, ambaye apenda injini kwa ajili ya injini, yeye amesalimika." Twasema: yu karibu na salama, lakini hajasalimika kabisa, kwani hata mapenzi yaliyo safi yana mpaka. Nabii Sulaiman (A.S.) alionyeshwa farasi wazuri waendao mbio wakati wa jioni, naye alikuwa Nabii, wala hakuwataka kwa ria. Na wengi katika wafasiri wamesema kwamba walimshughulisha hata jua likatua na wakati wa ibada ukampita, akajuta. Ikiwa Nabii kipando kilimshughulisha, itakuwaje sisi? Kitu kizuri kina njia mbili za kumwangamiza mtu: kumtia kiburi, au kumla wakati wake. Anayekesha akitazama picha za motokaa mpaka alfajiri ikampita, huyo hana kiburi, lakini ameliwa.

Tena mapenzi ya mbio hayana kituo. Ile McLaren tuliyoitaja ilikimbia mwaka 1998 mwendo wa kilomita 386 kwa saa, watu wakasema hapana tena. Mwaka 2005 ikatoka Bugatti Veyron, yenye nguvu za farasi 1,001, ikakimbia kilomita 407. Mwaka 2007 Wamarekani wakaleta yao, SSC, ikafika 412. Mwaka 2010 Bugatti wakarudi na 431. Na hiyo Veyron ya kwanza, ikiendeshwa kwa mwendo wake wote, tangi yake ya lita 100 humalizika kwa muda wa dakika 12 hivi. Kwa hisabu hiyo, mtu akiondoka nayo Mombasa kwa kasi hiyo kuelekea Nairobi, petroli ingemwishia kiasi cha nusu ya njia ya Voi, na huku sheria ya nchi haimruhusu kuzidi kilomita 110, na ndani ya mji 50. Yaani amenunua mwendo asiopata mahali pa kuutumia.

Na khabari ya kushindwa ni ya zamani. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, asiyepata kutanguliwa. Akaja bedui na ngamia wake kijana, akamtangulia. Waislamu wakaona uzito. Mtume hakuudhika. Aliwafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amejilazimisha jambo hili, kwamba hapana kitu cha dunia kinachoinuka ila hukishusha. Laiti maneno haya yangebandikwa katika kila duka la kuuzia motokaa, basi watu wangenunua wakijua wanunuacho.

Ama matajiri wetu, hatusemi kwamba wamekosa kununua motokaa nzuri kwa mali ya halali. Kipando cha raha kimetajwa katika hadithi kuwa ni moja katika mambo ya heri ya mtu hapa duniani, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Lakini waikumbuke na hadithi nyingine, ile ya farasi, kwamba farasi huwa kwa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa wa pili ni sitara, na kwa wa tatu ni mzigo. Farasi ni yule yule. Waliotofautiana ni wapandaji. Na motokaa leo ni vivyo hivyo. Yule aliyemchukua mgonjwa usiku wa manane mpaka hospitali, yake ni thawabu. Yule aliyesitiri aila yake asiwe ni mwenye kuomba lifti kila siku, yake ni sitara. Na yule aliyeitafuta ili jirani ajione duni, yake ni mzigo, hata kama ni gari kuukuu lililoshushwa bandarini Kilindini juzi kutoka Japani.

Na wako wengine ambao ndio tuwaogopeao zaidi, nao ni wale wa hali ya kati. Huyu ana mshahara wake wa kumtosha. Akamwona mwenziwe na gari, akaingia katika mkopo wa riba. Gari likaja, karo ya watoto ikakosekana, mama mzazi akakatiwa posho yake, na jioni mwenye gari analiegesha nje kwa kuwa hana pesa ya mafuta. Wahenga wetu wamesema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Twamwambia ndugu huyo afungue, aingie ndani ya nyumba yake, atazame ni nani aliyelipa bei ya gari lile.

Basi tulimrudia kijana wetu na jibu lake. Tulimwambia: kuipenda si kosa. Itazame, uijue, umshukuru aliyewapa binadamu akili ya kuunda vitu hivi. Omba riziki ya halali, nayo ikija na motokaa, panda na useme ile dua ya kupanda chombo, ujikumbushe kwamba hukuitiisha wewe. Lakini jiulize maswali matatu kila hamu ikikushika. Je, naitaka au nataka kuonwa nayo? Je, imenila wakati wa Mola wangu au wa kazi yangu? Na je, yuko mtu aliye karibu nami niliyemfanya mdogo kwa ajili yake? Likiitika moja katika haya, zima simu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatwambia kwamba baba yake huja kumchukua gereji kwa mkokoteni, kwa kuwa kazi yake ni kuchukua mizigo sokoni, na kwamba jioni hurudi nyumbani pamoja wakiusukuma, mmoja kushoto na mmoja kulia, mbele ya wenziwe wote. Hakuyasema hayo kwa kujisifu, bali kama mtu atoaye khabari ya njia anayopita.

Sisi hatukuwa na la kumwongezea. Tulimwombea dua, yeye na baba yake, na tukamwombea baba yetu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha. Wassalaam.